Naomba ushauri: injini imevunjika, maonyesho ya klabu yetu ya reli ndogo ni wiki ijayo, nijitoe au niende?

MwanaChangamwe (mwenye uzi)

Assalam aleikum, habari za jioni wote. Huwa nasoma humu kimya kimya sichangii, ila leo nimekwama na usingizi siupati, nikaona nije.

Mimi mzaliwa wa Changamwe lakini niko Uingereza mwaka wa 14 sasa, mji mdogo nje ya Manchester. Nina miaka mitatu kwenye klabu ya reli ndogo, yaani kujenga stesheni na treni za kipimo kidogo zinazotembea kwa umeme. Najua wapo watakaocheka, lakini huku ni shughuli ya watu wazima kabisa, wastaafu na mafundi na walimu, kuna klabu ya London ipo tangu 1910. Sisi tuko watu 22. Kila mwaka tunafanya maonyesho ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye ukumbi wa shule, watu wanalipa mlangoni wanaleta watoto, kuna meza za vitu vya mtumba, akina mama wa kanisani wanauza chai na keki, na hiyo pesa ndiyo inalipa kodi ya chumba chetu mwaka mzima.

Mwaka huu meza yangu imekubaliwa kwa mara ya kwanza. Nimejenga stesheni ya mtindo wa Voi, miaka ya mwisho ya 1950 hivi. Ni meza nne za sentimita 120 kila moja, zinafungwa kwa bolti. Ule udongo mwekundu nimeutengeneza kwa vumbi la tofali, nimelichekecha kwa soksi ya mke wangu mpaka likawa laini kama unga wa mandazi. Mibuyu ni waya na plasta. Miaka miwili na nusu ya kazi. Treni yenyewe kubwa ni ile 59, yaani injini ya mvuke ya daraja la 59, aina ya Garratt, iliyokuwa ikivuta mizigo Mombasa kwenda Nairobi, na babu yangu alikuwa faya-man, akitia makaa humo humo.

Sasa 59 imeanguka, imeharibika. Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo, siku 11 zimebaki. Swali langu ni hili tu: nijitoe, au niende na treni ndogo bila 59? Meneja wa maonyesho sijamwambia bado.

DogoMbishi

Kaka nimesoma mpaka mwisho nikisubiri mtu afe. Jitu zima la miaka 14 Ulaya unakosa usingizi kwa sababu ya mdoli? Nenda dukani kanunue mwingine tulale.

FundiSolda

Muacheni, hamjui hii kazi. Mwenye uzi, elezea vizuri ndio tukusaidie. Skeli gani? Umeme wa kawaida au wa dekoda, kile kifaa cha ndani ya injini kinachopokea amri? Na "imeharibika" maana yake nini, mota haizunguki, gia zimevunjika au ni ganda tu? Garratt ni injini mbili ndogo zimebeba bwela katikati, kila upande una pini yake inayozungukia, mara nyingi ikianguka ndio hapo panapokatika. Waya zinazopita pale kati nazo hukatika kimya kimya, ukadhani mota imekufa kumbe ni uzi tu. Mimi nilishawahi kutengeneza redio kaseti ya mzee mmoja Tanga wiki nzima natafuta tatizo kumbe ni waya mmoja wa spika umetoka, tangu hapo naanzia kwenye waya siku zote.

MamaIlham

Pole baba. Lakini "imeanguka" imeanguka vipi, ilitembea yenyewe? Nani aliiangusha? Na huyo mtu hakuumia?

MwanaChangamwe

@FundiSolda asante sana. Ni 1 kwa 87, reli ya milimita 12, kwa sababu reli yetu ya zamani ilikuwa mita moja, ukigawa kwa 87 unapata 11 na nusu, kwa hiyo inakaribiana. Ina dekoda. Injini nzima ni kama sentimita 36, shaba na chuma laini kile cheupe, nzito ukiishika unadhani umeshika tofali. Pini ya mbele imekatika, tangi la mbele limejikunja pembeni, ngazi mbili za kupandia dereva zimetoka, na kibao cha jina kilibanduka nikakitafuta kwenye zulia kwa tochi ya simu nusu saa. Nimekipata. Mota ya nyuma inazunguka, ya mbele inanguruma tu.

@MamaIlham mtoto wangu wa miaka 7 ndiye aliiangusha, alivuta sanduku. Hakuumia, alhamdulillah.

KakaWaTabora

Hizo reli za mita moja mmenikumbusha mbali. Mimi nimekulia Tabora, nyumba za reli, reli ya kati ile waliyojenga Wajerumani kutoka Dar mpaka Kigoma, walianza 1905 wakafika ziwani 1914. Treni ya Kigoma ilikuwa inaingia kwetu usiku na sisi watoto tunatoroka kwenda kuuza karanga na asali dirishani. Unakimbia na behewa, abiria kashika asali yako hajatoa hela, treni inaongeza mwendo. Nilipoteza chupa tatu za asali usiku mmoja, mama alinichapa kama ngoma. Leo wanangu wanapanda SGR ya umeme Dar mpaka Dodoma, tangu 2024, madirisha hayafunguki, nani atauza asali? Wanalala mpaka wanafika.

Hiyo 59 yako ina jina gani? Nasikia zote zilipewa majina ya milima.

MwanaChangamwe

Ndio, zilikuwa 34, kuanzia 5901 mpaka 5934, zote milima ya Afrika Mashariki. Yetu ni 5918 Mount Gelai, nakala ya ile iliyopo makumbusho ya reli Nairobi.

KakaWaTabora

Gelai uko kwetu Tanzania bwana, karibu na Ziwa Natron! Basi tuna hisa kwenye hiyo injini, itengeneze haraka.

NesiWaLeeds

Mimi niko huku huku na nimeshawahi kumpeleka kijana wangu kwenye maonyesho ya hivi, kwa hiyo nakuuliza kwa nia njema. Kila maonyesho kuna meza inayokosekana dakika za mwisho, mtu anaumwa, gari linaharibika, na waandaaji huwa na mtu wa akiba. Mwambie meneja, mwisho wa habari. Na klabu huwa zinajuana kwenye shida. Mnakumbuka Stamford 2019? Mwezi wa tano, klabu ya Market Deeping wameshapanga kila kitu kwenye ukumbi wa shule, usiku vijana wanne wakaingia wakavunja vunja yote, asubuhi wazee wamekuta kazi za miaka mingi zimekanyagwa sakafuni, mzee mmoja analia mbele ya kamera. Walikuwa wameomba mchango wa pauni 500 tu, zikaja zaidi ya laki moja, Rod Stewart yule mwanamuziki peke yake alitoa elfu 10, maana na yeye ana mji mzima wa treni kajenga nyumbani kwake zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo watu wa fani yako wanajua uchungu wa kitu kuvunjika, hawawezi kukucheka.

Ndio maana sielewi. Unaogopa nini kumwambia meneja? Halafu umesema "5918 yetu". Yetu na nani? Kuna kitu hujasema kaka.

DogoMbishi

Nesi kaona kitu. Sindano hiyo.

MwanaChangamwe

Sikukusudia kuficha, niliona haihusiani na swali.

Haya. Injini si yangu. Ilikuwa ya mzee mmoja wa klabu aliyefariki mwaka jana akiwa na miaka 84. Yeye alianza kazi akiwa kijana wa miaka 15, mwaka 1955, kwenye kiwanda cha Beyer Peacock pale Gorton, Manchester, ndiko 59 zote zilikotengenezwa, mwaka huo huo na 1956. Alikuwa mwanagenzi wa kufagia na kubeba spana, lakini aliziona zikitoka pale moja baada ya moja. Kiwanda kilifungwa 1966. Alipostaafu akaijenga hii kwa mkono wake kwenye banda la nyuma ya nyumba, miaka saba, hata riveti kazigonga moja moja. Siku ya kwanza nimeingia klabuni nikasema natoka Mombasa aliinuka akaenda kabatini akaitoa akaniwekea mkononi. Hakusema kitu. Mimi nilijenga meza kwa sababu ya ile injini, sio injini kwa sababu ya meza.

Baada ya mazishi mkewe, mama wa miaka 81, aliniazima ili itembee kwenye maonyesho haya. Anakuja Jumamosi na wajukuu wanne, wengine wanatoka Scotland. Yeye hajui kama imevunjika.

MamaIlham

La haula. Baba, hiyo si injini tena, hiyo ni amana. Amana ya marehemu kutoka mikononi mwa mjane. Na wewe unatuuliza habari za meza? Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wahenga waliona mbali. Usilale leo bila kumpigia huyo mama simu. Mume wangu aliwahi kuazimwa cherehani na jirani, ya mama yake jirani, mkono ukavunjika, akakaa nayo kimya miezi miwili akisema ataitengeneza kwanza. Yule jirani alijua siku ya tatu, kwa watoto. Hatukusemeshana mpaka tukahama Kisauni. Cherehani ya kushona mashuka tu.

FundiSolda

Mama Ilham ana haki ila mimi nisemee yangu. TAFADHALI usiweke pasi ya kulehemu ya kawaida kwenye hicho chuma cheupe. Kinayeyuka kwa joto dogo sana, ukigusa sekunde mbili ngazi inageuka uji. Tafuta solda ya joto la chini, ile ya nyuzi 70, na pasi ya kupunguza moto. Kama hujawahi, usijifunzie kwenye kazi ya marehemu.

NesiWaLeeds

Na bima? Fomu za maonyesho huwa wanakuuliza thamani ya meza yako.

MwanaChangamwe

Niliandika pauni 2,500 kwa kila kitu. Lakini bima ya klabu yetu inaanza ukishaingiza vitu ukumbini, hii imevunjikia nyumbani kwangu. Na si suala la pesa, nani atalipa miaka saba?

Jamani nawaelewa nyote lakini nisikilizeni na mimi. Yule mama hali yake si nzuri, tangu mzee aondoke amekonda, binti yake aliniambia mwenyewe kwamba tarehe hii ndiyo inayomfanya aamke asubuhi. Sasa nimpigie simu nimwambie nini? Mimi nilishaanza kufanya mpango. Kuna jamaa mmoja mtandaoni amechora ganda la 59 anachapa kwa printa ya plastiki, nimeshamlipa pauni 90 za mwanzo, linafika Jumatano. Nitalipaka rangi ile nyekundu ya zabibu, nitaweka chini mota ya nyuma ambayo ni nzima, nitabandika kile kibao cha jina halisi, itembee siku mbili. Kwa umbali wa mita moja na nusu nyuma ya kamba, mama wa miaka 81 hatajua. Wajukuu watafurahi. Halafu baada ya maonyesho nitampelekea fundi hasa aitengeneze ya kweli taratibu, hata kama ni miezi sita, nitamrudishia ikiwa nzima. Hakuna atakayeumia. Nionyesheni ubaya uko wapi.

MamaIlham

Ubaya uko kwamba unatubembeleza sisi tukuruhusu.

KakaWaTabora

Mimi naona si wazo baya sana. Mama mzee apate furaha yake. Baba yangu alipokuwa anaumwa tulimwambia Simba wameshinda, walikuwa wamefungwa tatu. Alilala vizuri.

NesiWaLeeds

Mita moja na nusu? Kaka huyo mama ameishi na hiyo injini kwenye banda lake miaka saba ikijengwa. Ataijua kwa mlio. Plastiki haiwezi kulia kama shaba juu ya reli.

MzeeWaTaruma

Nimeusoma uzi huu wote na nina jambo. Mimi nimefanya kazi reli Kenya miaka 31, Mombasa na Nairobi, sasa ni mstaafu niko Mazeras na mbuzi wangu. Kijana, umeandika pale juu kwamba babu yako alikuwa akitia makaa kwenye 59. Hakuna mtu aliyewahi kutia makaa kwenye 59. Zilitengenezwa za kuchoma mafuta mazito tangu kiwandani. Faya-man wa 59 alikuwa na valvu na mvuke, si sepeto. Mtu ambaye babu yake alipanda 59 angelijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Sasa kama babu ni wa uongo, mzee wa Gorton ni wa kweli? Mjane je? Hii nahisi ni hekaya.

DogoMbishi

CHAI!!! Nilisema mimi. Chai ya rangi, haina hata sukari. Mjane, wajukuu wanne kutoka Scotland, kibao kwenye zulia, jamani huyu anaandika tamthilia. Mwezi ujao utamkuta huko kwingine anaomba ushauri meli imezama.

KakaWaTabora

Kwa hiyo na mimi nimetoa siri ya baba na Simba bure?

ChapaKazi254

Hata mimi nilishangaa, ganda la 59 la 1 kwa 87 sijawahi kuona popote. Weka picha bro. Bila picha ni hekaya tu.

MamaIlham

Kama ni uongo Mungu amsamehe, mimi nimeshamwombea yule mama kwenye swala ya magharibi.

FundiSolda

Sikilizeni, mtu anayetunga hawezi kujua kwamba ukigawa mita moja kwa 87 unapata 11 na nusu halafu akakubali kwamba inakaribiana tu. Mtunzi angesema inalingana. Huyu ameshika hicho kitu. Ila makaa nayo yamenichanganya.

ChapaKazi254

Hiyo hesabu hata calculator inajua. Picha.

MwanaChangamwe

Nilitoka kazini nikakuta haya. Picha siweki, klabu yetu ni ndogo, picha moja tu na binti yake anaijua, na sitaki ajue kwa njia hiyo kabla sijaamua. Mkiona ni uongo basi.

Mzee wangu wa Mazeras shikamoo. Umenishika pabaya na una haki. Babu alifariki nikiwa na miaka sita. Ninachokumbuka ni kwamba alikuwa akisema "nilikuwa nalisha moto", na viganja vyake vilikuwa vigumu kama kigae, mimi utotoni nikaweka makaa na sepeto kwenye hiyo picha na sikuwahi kuitoa. Sikudanganya, ila sikuwahi kuuliza. Na ni aibu, maana kwenye meza yangu nimeweka rundo la makaa pembeni ya banda la injini, kila jiwe nimelipaka rangi. Marehemu aliliona lile rundo. Alilitazama akatabasamu akasema tutalizungumza siku nyingine. Hatukulizungumza.

Na kwa sababu mmeshaniita mwongo, basi nimalizie lililobaki. Mtoto hakuvuta sanduku. Mtoto alikuwa amelala. Klabu ina sheria injini za watu zisitoke kabatini mpaka siku ya maonyesho, na mama mwenyewe aliniambia iache pale pale. Nilichukua funguo Alhamisi usiku baada ya wenzangu kuondoka, nilitaka kuiona ikitembea kwenye meza yangu nyumbani peke yangu, bila mtu. Ilitembea vizuri mara zote tatu. Nilikuwa nimepanda ngazi na sanduku chini ya kwapa na simu mkononi nikiitazama video niliyopiga, nikakosa kidato kimoja. Mlio wake ulikuwa kama mtu ameangusha sahani nyingi, halafu gurudumu moja likaendelea kuteremka ngazi peke yake, moja, moja, mpaka chini.

Nilimwambia mke wangu ni mtoto. Mtoto hajui kama nimemtaja.

MamaIlham

Kijana wa watu kalala usingizi wake unamtwisha mzigo wa shaba. Haya, angalau umesema.

DogoMbishi

Hilo gurudumu limenimaliza. Nafuta chai yangu. Pole kaka.

MzeeWaTaruma

Marahaba. Nakuamini sasa. Hakuna mtunzi angejitukanisha na rundo la makaa.

Nikueleze kitu kuhusu hiyo injini ili ujue umeshika nini. Tani 252 ikiwa tayari barabarani. Inatoka Mombasa usawa wa bahari inapanda mpaka Nairobi zaidi ya mita 1,600, na nyuma yake tani 1,200 za mizigo, juu ya reli ya mita moja ambayo wengine walisema ni ya kubebea mkonge tu. Usiku ukiwa Mazeras hapa unaisikia kabla haijaonekana, unahisi kwenye nyayo. Injini mbili ndani ya moja, kwa hiyo mipigo miwili, inaanza pamoja kisha inaachana, inaachana, halafu inarudi pamoja tena. Mama yangu alikuwa akijua muda wa kuinjika ugali kwa huo mlio. Ndio maana nesi amesema kweli, mama yule ataijua kwa sikio.

Mwambie. Na rundo la makaa liondoe, weka tangi la mafuta.

FundiSolda

Na lile gurudumu lililoteremka ngazi, umelipata? Lazima upime upana wa ndani kati ya magurudumu kabla ya kulirudisha, likipinda hata kidogo litatoka kwenye makutano ya reli kila mara.

KakaWaTabora

Mimi bado nasimamia Simba. Lakini fanya unavyoona.

MwanaChangamwe

Gurudumu ninalo, liko kwenye bakuli la sukari. Nitaenda Jumapili. Nisameheni kwa kuwazungusha.

MwanaChangamwe (Jumapili usiku)

Nimerudi. Nilidhani nitalia mimi lakini hakuna aliyelia.

Nilienda na mke wangu, yeye nilishamwambia ukweli jana na nikamwomba radhi na mtoto pia, ingawa mtoto hakuelewa ninaomba radhi ya nini. Tulimkuta mama jikoni. Sanduku alilifungua mwenyewe. Alitazama kwa muda, akaligusa lile tangi lililojikunja, akaniuliza ulikuwa unaipeleka wapi. Nikasema nyumbani kwangu, nilitaka kuiona peke yangu. Akanyamaza. Halafu akasema mume wake hakuwahi hata siku moja kuiweka kwenye buti ya gari, kila walipokwenda maonyesho alikuwa akimpa yeye aishike mapajani, hata safari ya masaa manne, na yeye alikuwa akinung'unika kwa sababu miguu inakufa ganzi.

Alikasirika. Niseme kweli, alikasirika, hakupaza sauti lakini hakutukaribisha chai, na mnajua Mwingereza asipokupa chai. Nikamweleza na habari ya ganda la plastiki. Hapo ndipo alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Akakitoa kile kibao cha jina kwenye kikaratasi nilichokifunga, akakiweka dirishani pembeni ya miwani ya marehemu, akasema hicho kinabaki hapa. Injini nimpelekee mzee fulani wa klabu aliyekuwa rafiki yake, yeye tu ndiye aiguse. Sikuambiwa kama atakuja Jumamosi na sikuuliza.

Lile ganda nimelikatalia, zile pauni 90 sizidai. Meneja nimempigia, hakugomba hata kidogo, alinyamaza kisha akaniuliza una injini nyingine yoyote inayotembea. Ninayo moja ndogo ya kupanga mabehewa stesheni na moja ya treni ya abiria. Akasema basi meza ibaki. Leo usiku nimeng'oa rundo la makaa kwa kisu, limeacha alama nyeusi, natafuta cha kutengenezea tangi la mafuta.

MzeeWaTaruma

Kopo la dawa ya macho, lile la duara. Lipake rangi ya fedha iliyochakaa, na bomba moja la kushuka pembeni. Weka na alama nyeusi za kuvuja chini yake, hapakuwa na tangi lisilovuja. Ile alama ya makaa usiifute, itakufaa.

NesiWaLeeds

Umefanya vizuri kwenda na mkeo. Mpelekee mama chakula katikati ya wiki, usiende mikono mitupu, na usizungumzie injini.

FundiSolda

Vile vipande vidogo vyote, hata punje ya chuma, weka kwenye mfuko mmoja umpe huyo mzee. Usitupe kitu.

DogoMbishi

Kaka mi niko Bolton, sikusema mwanzoni. Nina watoto wawili na Jumamosi sina kazi. Maonyesho yanaanza saa ngapi, na bado kuna nafasi?

MwanaChangamwe

Nafasi ipo, nakutumia mahali kwa ujumbe wa siri. Saa 4 asubuhi mpaka saa 10 na nusu jioni, watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Meza yangu iko mkono wa kushoto ukiingia, karibu na dirisha, utaiona kwa ule udongo mwekundu.